Baada ya upasuaji wa goti au nyonga: pumzi, sala na mazoezi ya nyumbani

Mkazi wa bonde la Kilombero anapofikia kufanyiwa upasuaji wa goti au nyonga, mara nyingi ameshavumilia kwa miaka. Amepandikiza mpunga akiwa ameinama, amebeba magunia, amerushwa na bodaboda kwenye makorongo, na maumivu yote akayaita baridi. Siku anayotoka hospitali ndugu wanashukuru kwamba mambo yamekwisha. Kumbe nusu ya kazi ndiyo kwanza inaanza, na nusu hiyo hufanyika nyumbani, kitandani na kwenye kiti cha barazani, daktari akiwa mbali.

Katika vipindi vyetu vya afya wasikilizaji wametuuliza juu ya jambo linalosambazwa sana kwenye simu: kwamba yoga inaponya viungo, na kwamba mtu akiifanya kwa imani anaweza kupona upesi baada ya upasuaji. Wengine wameuliza kama ni halali kwa Mkristo au Mwislamu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kuvuta pumzi kwa utulivu na kutuliza mawazo hakuponyi goti. Ila humsaidia mgonjwa aweze kufanya mazoezi yanayoliponya. Tofauti hiyo ni kubwa, na hapa tunaieleza hatua kwa hatua.

Kiungo kinaharibikaje?

Ukila kuku, tazama mwisho wa mfupa wa paja lake. Utaona kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hilo ni gegedu. Binadamu naye analo kwenye goti na kwenye nyonga, na ndilo linalofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Umri, uzito, kazi nzito na majeraha ya zamani hulimaliza kidogo kidogo. Likiisha, mfupa unasaga mfupa. Hapo ndipo mtu anapoanza kusikia goti likilia, likivimba, na asubuhi likikataa kunyooka.

Nyonga ina matatizo yake mengine. Mzee akianguka anaweza kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Mgonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, anaweza kuharibikiwa nyonga akiwa bado kijana, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja na mfupa unakufa taratibu. Kwa hiyo upasuaji huu hauwahusu wazee peke yao.

Gegedu likishaisha halioti tena kwa dawa ya kupaka, kwa kukandwa, wala kwa mkao wowote wa yoga. Anayekuahidi hivyo anakupotezea muda na fedha.

Daktari anabadilisha nini?

Watu walianza kujaribu kutengeneza viungo bandia zamani. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa goti lililotengenezwa kwa pembe ya ndovu. Viungo vyake havikudumu, hasa kwa sababu ya maambukizi. Mwaka 1962 daktari Mwingereza John Charnley alianza kuweka nyonga ya chuma inayozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, ikishikiliwa kwa saruji maalumu. Nyonga bandia za leo zimetokana na kazi yake.

Kwenye goti, daktari hukata sehemu nyembamba ya mfupa iliyoharibika juu na chini, akaifunika kwa chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu inayofanya kazi ya gegedu. Misuli na kano zinabaki zako mwenyewe. Chuma hakina nguvu ya kutembea. Kinachokutembeza ni misuli ya paja, na misuli hiyo imekuwa ikilegea miaka yote uliyokuwa ukichechemea.

Viungo hivi hudumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba magoti bandia kama 82 katika kila 100 yalikuwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa nyonga ilikuwa kama 58 katika kila 100.

Hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, ndiyo inayofahamika zaidi kwa upasuaji wa namna hii. Msikilizaji wetu wa Ifakara, Mlimba, Mang'ula, au wa ng'ambo ya mto huko Lupiro, Malinyi na Mahenge, aanzie kwenye hospitali iliyo karibu naye au Hospitali ya Rufaa ya St. Francis hapa Ifakara. Apigwe picha ya eksirei, aelezwe hali yake, na ikibidi apewe barua ya rufaa. Aulize gharama zote na kitu gani bima yake inalipia kabla ya kupanda basi.

Wiki 6 za mwanzo ndizo zinazoamua

Baada ya kubadilishwa goti, wagonjwa wengi husimamishwa na kutembezwa hatua chache siku hiyo hiyo au kesho yake. Mshono huangaliwa au kutolewa baada ya wiki 2 hivi. Magongo au fremu ya kutembelea hutumika kwa wiki kadhaa. Uvimbe na maumivu ya hapa na pale vinaweza kuendelea kwa miezi, na wengine huchukua karibu mwaka mzima kabla ya kusema wamepona kabisa.

Hatari kubwa ya goti jipya ni kukakamaa. Ndani ya mguu mwili unatengeneza makovu, na goti lisipokunjwa na kunyooshwa kila siku, makovu hayo hulifunga kama kamba. Ukishafika hapo, kulifungua ni kazi ngumu, na pengine mtu hurudishwa hospitali alazwe usingizi ili likunjwe. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini anakusisitiza ulikunje hata kama linauma.

Sasa fikiria mtu huyo akiwa nyumbani. Akikunja goti, linauma. Likiuma, anaogopa kwamba chuma kimechomoka. Akiogopa, mwili mzima unakaza, pumzi inakuwa fupi, misuli ya paja inajikunja kama ngumi, na maumivu yanazidi. Kesho yake anasema, ngoja nipumzike. Keshokutwa pia. Ndugu nao wanamhurumia: "Mama, usijitese, lala tu." Wiki 3 zikipita, goti limeshaanza kugoma.

Hapo kwenye woga na kukaza mwili ndipo pumzi tulivu inapoingia.

Yoga ni nini hasa?

Yoga imetoka India, na ni ya zamani sana. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na lina maana ya kuunganisha. Kwa Wahindu ni njia ya kiroho: mwili, pumzi na akili vinatulizwa pamoja ili mtu amwelekee Mungu. Mwishoni mwa mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani, nayo huadhimishwa Dar es Salaam pia. Jijini Nairobi, shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafundisha vijana wa mitaani kuwa walimu wa yoga tangu mwaka 2007.

Wengi wanadhani yoga ni kujikunja kama mpira. Mmoja wa walimu waliojulikana sana duniani, B. K. S. Iyengar, aliyefariki mjini Pune mwaka 2014 akiwa na miaka 95, alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, aliyepata malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipokuwa mwalimu alitumia viti, kamba, mikanda na vipande vya mbao ili hata mgonjwa na mzee waweze kufanya. Kwa hiyo yoga ya kwenye kiti ipo, na ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Je, imethibitishwa? Mwaka 2012 madaktari na wataalamu wa mazoezi wa India walichapisha utafiti mdogo juu ya watu waliobadilishwa goti. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kawaida ya hospitali. Jingine lilifanya mazoezi hayo hayo pamoja na mikao michache ya yoga iliyochaguliwa. Baada ya miezi 3, maumivu na kukakamaa kwa kundi la pili vilikuwa vimepungua kuliko kwa lile la kwanza. Utafiti mdogo haumalizi maswali yote. Lakini angalieni jambo moja: hakuna aliyeacha mazoezi ya hospitali. Yoga iliongezwa juu yake.

Vipi kuhusu imani yangu?

Bonde letu lina Wakatoliki wengi, Waislamu, Walutheri, Wapentekoste na wengine. Wapo viongozi wa dini wanaokataza yoga kwa sababu ya asili yake, na wapo wanaoona kwamba mazoezi ya mwili na pumzi hayana ubaya. Hatuwezi kuwaamulia wasikilizaji. Kama una wasiwasi, muulize padri wako, mchungaji wako au shehe wako.

Tunachoweza kusema ni kwamba pumzi haina dhehebu. Huhitaji sanamu, wimbo wala neno la kigeni. Anayesali rozari tayari anajua mwili unavyotulia maneno yale yale yakirudiwa polepole. Anayeleta dhikri baada ya swala anajua hivyo hivyo. Unaweza kuvuta pumzi kimya, ukaitoa huku ukitaja moyoni maneno mafupi ya imani yako: "Bwana, nisaidie," au "Subhanallah." Idadi ya pumzi unaihesabu kwa punje za rozari au kwa tasbihi.

Jambo moja tunalisema bila kuuma maneno. Mtu yeyote, awe mwalimu wa yoga, mganga au mhubiri, akikuambia utupe magongo au uache dawa ili kuonyesha imani, usimsikilize. Mfupa unahitaji wiki zake za kushikana. Ukianguka mapema, unaweza kuvunjika mfupa pembeni ya chuma, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Namna ya kufanya nyumbani

Kabla ya kuanza, mwonyeshe daktari au mtaalamu wa mazoezi hatua hizi, akuambie zipi zinakufaa. Kama una dawa za maumivu ulizoandikiwa, wengi huona nafuu wakizimeza nusu saa kabla ya mazoezi.

1. Tulia kwanza. Kaa kwenye kiti kigumu kisichoyumba, kilicho kirefu kidogo, nyayo zote mbili zikiwa chini. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo likijaa. Itoe polepole ukihesabu hadi 6. Usibane pumzi. Rudia mara 10. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kawaida.

2. Upitie mwili kwa mawazo. Anzia vidole vya miguu, panda hadi kichwani. Ukikuta mahali pamekaza, taya, mabega au tumbo, palegeze unapotoa pumzi. Wengi hugundua kwamba walikuwa wameuma meno bila kujua.

3. Chezesha kifundo cha mguu. Ukiwa umelala, vuta vidole kuelekea kwako, kisha visukume mbele. Fanya mara 10 kila saa ukiwa macho. Zoezi hili dogo husaidia damu isigande mguuni.

4. Kaza paja. Ukiwa umenyoosha mguu kitandani, bonyeza goti kuelekea godoro huku ukitoa pumzi. Shikilia kwa hesabu ya 5, kisha legeza.

5. Kunja goti. Telezesha kisigino kitandani kuelekea makalio, au ukiwa kwenye kiti rudisha unyayo nyuma chini ya kiti. Unapofika mahali panapouma, usikimbie na usilazimishe. Baki hapo, toa pumzi ndefu mara 3, kisha sogea kidogo kama upana wa kidole. Lengo la siku za mwanzo kwa goti jipya ni kufikia nyuzi 90, yaani kona kama ya meza. Aliyebadilishwa nyonga afuate mipaka aliyopewa na daktari wake.

6. Maliza kwa kupumzika. Lala chali dakika 5, pumzi ikienda yenyewe. Usiweke mto chini ya goti lililopasuliwa. Ni raha, lakini goti linazoea kubaki limepinda na baadaye halinyooki. Weka mto au kanga iliyokunjwa chini ya kisigino.

Fanya hivyo mara 3 kwa siku, muda mfupi mfupi. Baada ya mazoezi, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini na kukamuliwa husaidia uvimbe, mradi maji yasifike kwenye kidonda. Kukandwa kwa maji ya moto, tulivyozoea kwa mtu aliyeteguka, hakufai hapa. Wala usichuliwe mguu uliovimba, wala usipakwe majani kwenye mshono.

Mikao ya kuepuka

Video nyingi za yoga zinatengenezwa kwa ajili ya vijana wenye viungo vyao vya asili. Usikae kwa kukunja miguu kama fundi cherehani. Usipige magoti kisha ukakalia visigino. Usisimame kwa mguu mmoja bila kushika kitu. Usijipinde kiuno huku nyayo zimebaki mbele.

Kwa aliyebadilishwa nyonga, onyo ni kubwa zaidi. Kwa wiki 6 hadi 12 za mwanzo madaktari wengi humkataza kupandisha goti juu ya usawa wa nyonga, kupishanisha miguu, na kuuzungushia mguu ndani. Akikosea, nyonga inaweza kuchomoka. Akilala ubavu, aweke mto katikati ya mapaja.

Choo, mkeka na mahali pa sala

Hapa ndipo wagonjwa wengi wa vijijini wanapokwama, kwa kuwa ushauri wa hospitali unadhani kila nyumba ina choo cha kukaa. Goti bandia kwa kawaida hukunjika hadi nyuzi 110 au 120 hivi. Kuchuchumaa kunahitaji zaidi ya hapo. Kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani kwenda kupasuliwa, mwite fundi seremala atengeneze kiti kizito cha mbao chenye tundu, kikae juu ya shimo la choo, na mti wa kushikilia ukutani. Kwa mgonjwa wa nyonga, kiti kiwe kirefu kiasi kwamba akikaa, magoti yako chini ya nyonga.

Kula kwenye mkeka kusubiri. Jiko la mafiga lipishe, au apike mtu mwingine. Kitanda kilicho chini sana kiinuliwe kwa matofali.

Na sala? Tunajua inavyouma kwa mtu aliyezoea kupiga magoti au kusujudu. Dini zenyewe zimemwonea huruma mgonjwa. Mwislamu asiyeweza kusimama anaruhusiwa kuswali ameketi, na akishindwa kuketi, alale ubavu. Mkatoliki mgonjwa hadaiwi kupiga magoti kanisani. Tafuta kiti, kaa wima, na umwulize daktari lini na kama utaweza kurudi chini.

Panga na msimu wa mpunga

Upasuaji huu mara nyingi si wa dharura, labda mfupa uwe umevunjika. Kama una nafasi ya kuchagua, fanya baada ya mavuno, Julai au Agosti, ili miezi 3 ya kwanza isikutane na kulima. Tope la jaruba ni adui wa mguu mpya, kwa sababu mtu huteleza na kujipinda kwa ghafla. Wagaweni kazi mapema: nani atalima, nani atachota maji, nani atakuwa na mgonjwa mchana.

Safari ya kurudi pia ipangwe. Kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi na Kidatu ni saa nyingi za kukaa. Omba kiti cha kunyoosha mguu, chezesha vifundo njia nzima, na basi likisimama, shuka utembee kidogo. Kama umepewa dawa za kuzuia damu kuganda, zimalize kama ulivyoelekezwa. Bodaboda isubiri.

Lini kuacha kila kitu na kwenda hospitali

Pumzi na sala vinatuliza, na kwa sababu hiyo vinaweza kumfanya mtu avumilie jambo ambalo halipaswi kuvumiliwa. Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya:

- Shavu la mguu limevimba, linauma na lina joto.
- Umeishiwa pumzi ghafla au kifua kinauma.
- Mshono unatoa usaha, unanuka, au wekundu unazidi kusambaa.
- Una homa au unatetemeka kwa baridi.
- Umeanguka, au mguu umekataa ghafla kubeba uzito.
- Baada ya upasuaji wa nyonga, mguu umekuwa mfupi au umegeuka kuliko ulivyokuwa.

Hata miaka ikipita, jino bovu, jipu, funza au kidonda cha mguuni kitibiwe mapema, kwa sababu wadudu wanaweza kusafiri kwenye damu na kuingia kwenye kiungo bandia. Kila unapotibiwa, mwambie mhudumu kwamba una goti au nyonga ya chuma.

Ndugu msikilizaji, kama mzazi wako amerudi kutoka hospitali wiki hii, usimwambie alale tu. Mletee kiti barazani, kaa mbele yake, hesabuni pumzi pamoja, 4 za kuvuta na 6 za kutoa, kisha akunje goti mara 10. Jioni mrudie tena.